Kitufe Namba Tatu

Mtu akikuletea runinga mpya mlangoni, pana kuliko dirisha lako, na akasema hataki hata senti moja, muulize basi anataka nini. Fundi hakuuliza. Alikuwa na pini nne mdomoni na sketi ya mteja mapajani, na hata kama angepata nafasi ya kufumbua mdomo, mumewe alikuwa amekwisha kumsogezea mgeni kiti na kukipangusa kwa mkono wa shati. Mumewe alikuwa mpaka rangi wa nyumba za watu, na mkono ule wa shati ulikuwa na rangi ya miezi miwili. Mgeni alikitazama kiti, akatoa leso mfukoni, akaitandika, ndipo akakaa.

Leso ile ilimchefua Fundi. Kama angeendelea kuchefuka siku hiyohiyo, mengi yasingetokea, lakini boksi la runinga lilikuwa limesimama katikati ya sebule, na binti yake wa miaka kumi na mitatu alikuwa akilizunguka huku akisoma kila neno lililoandikwa ubavuni mwake.

"Mimi ndiye mpangaji wa ratiba wa kituo," mgeni alisema, na kukitaja kituo chenyewe kwa sauti ya mtu anayetaja ukoo wa kifalme. "Kwa maneno mepesi, mimi ndiye ninayeamua watu wale chakula cha jioni huku wakiangalia nini."

Alicheka peke yake. Binti alimbandika jina palepale, Bwana Ratiba, na jina likamkaa.

Bwana Ratiba alinyoosha kidole kwenye kisanduku cheusi kilichokuwa chini ya runinga yao ya zamani. Kisanduku chenyewe hakikuzidi mche wa sabuni. Kampuni moja ya utafiti ilikuwa imekifunga mwaka uliopita, pamoja na rimoti yenye vitufe vya namba. Moja ilikuwa ya mume, mbili ya Fundi, tatu ya mama mkwe, aliyekuwa akibonyezewa na wenzake bila kujua maana yake, nne ya binti. Mwenye kukaa mbele ya runinga anabonyeza namba yake, akiondoka anabonyeza tena, na kisanduku kinapeleka habari huko kunakohesabiwa watazamaji. Waliambiwa kwamba wanachoangalia wao kinahesabiwa kwa niaba ya maelfu ya nyumba nyingine, na kwamba wasimwambie mtu, hasa watu wa vituo.

"Hatujamwambia mtu," mume alisema upesi, kama aliyeshikwa ugoni.

"Najua. Lakini fundi mitambo aliyewafungia ana watoto watano wanaosoma." Bwana Ratiba alitabasamu. "Sikilizeni. Jumatatu tunazindua kipindi kipya, saa moja na nusu jioni. Saa hiyohiyo wenzetu wa kituo cha pili wana tamthilia yao ya yule mkunga, na wamekaa nayo miaka mitatu hawaguswi. Ninachoomba ni kidogo. Kila Jumatatu runinga hii iwe kwetu, na vitufe vyote vinne viwe vimebonyezwa. Kuangalia si lazima. Mnaweza hata kwenda kuoga."

Fundi alitoa pini mdomoni. "Na mama? Mama mkwe wangu anaangalia huyohuyo mkunga. Hakosi hata siku moja."

"Hii ya zamani ipelekeni chumbani kwake. Kule hakuna kisanduku. Amwangalie mkunga mpaka macho yamuume."

"Na namba yake?"

"Namba yake itakuwa hapa sebuleni, inafurahi na nyinyi."

Mume alicheka. Alikuwa na miezi miwili hajapata ukuta wa kupaka, na kabla Bwana Ratiba hajaondoka alikuwa amedokezewa kwamba kituo kinajenga studio mpya, na studio haiwezi kukaa bila rangi. Alimsindikiza mgeni mpaka kwenye gari, akamfungulia mlango. Bwana Ratiba alisahau leso yake kitini. Fundi aliiokota kwa ncha za vidole na kuitupa.

Mama mkwe alikuwa nyuma ya nyumba akifua. Hawakumwambia ukweli. Walimwambia mwanawe amepewa runinga na mteja wake wa zamani, na ile ya zamani sasa ni yake peke yake, chumbani kwake. Bibi kizee wa watu alimshika mwanawe kichwa kwa mikono yenye povu, akamuombea baraka ndefu. Mume aliinamisha kichwa akazipokea zote.

*

Kipindi chenyewe kiliitwa "Leo Utasema," na kilikuwa uchafu. Hakuna neno lingine la kukiitia. Mtu aliletwa pale kwa kudanganywa, mara ameshinda bahati nasibu, mara anakwenda kupewa shukrani kazini. Akishakaa kwenye kiti chekundu, nyuma ya pazia anatokea ndugu yake, au mkewe, au rafiki wa kufa na kuzikana, na kumwaga mtama wote mbele ya watu. Watazamaji mle ukumbini walikuwa wakipiga miguu sakafuni na kuimba, "Leo utasema!" Mtangazaji alikuwa kijana wa suti ya kubana na meno meupe, aliyejua kuweka mkono begani mwa mtu anayelia huku jicho liko kwenye kamera. Aliyefichua siri alipewa jokofu. Aliyefichuliwa alipewa kitambaa cha karatasi cha kufutia machozi.

Jumatatu ya kwanza walimleta kinyozi mmoja, mkewe akaeleza mambo ya chumbani ambayo hata daktari angemwambia anong'one. Ya pili ilikuwa zamu ya dada wawili na baba wa mtoto mmoja. Fundi aliketi kwenye cherehani yake, mgongo umegeukia kioo cha runinga, akishona kwa kasi kuliko kawaida. Lakini mumewe alicheka mpaka akashika mbavu, binti naye akacheka kwa sababu baba anacheka, na mwanamke mwenye akili zake hawezi kuzima runinga ambayo mumewe anaitegemea kupata kazi. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Chumbani, mama mkwe, ambaye sikio moja lilikuwa limekufa, alikuwa amempandisha mkunga wake sauti ya juu kabisa.

Ilikuwa kazi ya binti kubonyeza vitufe. Moja, mbili, tatu, nne. Taa ndogo za kijani ziliwaka mstari mmoja kwenye kisanduku.

*

Mama mkwe alikuwa na mdogo wake, nyumba ya tatu upande wa pili wa barabara. Mtaa mzima ulimwita Bi Chaki. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na sita, na mabwana wazima wenye vitambi walikuwa bado wakizima sigara wakimwona anapita. Aliishi na mwanawe, dereva wa teksi, kijana wa maneno matamu na mifuko mitupu.

Wiki ya nne Bi Chaki aliingia kwa Fundi na kitambaa cha rangi ya zambarau, akakikunjua mezani.

"Nataka gauni la heshima," alisema. "Kola isimame, isilale kama sikio la mbwa. Nimeitwa kwenye hafla ya walimu wastaafu, Jumatatu jioni. Mwanangu ndiye aliyeniandikisha. Kumbe yule mtoto ana utu, nilikuwa sijui."

"Hafla inafanyika wapi, mwalimu?"

"Gari litakuja kunichukua. Wamesema ni jambo la kushtukiza, nisiulize sana. Mimi na umri huu nashtukizwa." Alicheka huku amefunika mdomo, maana alikuwa na pengo na hakupenda lionekane.

Fundi alimshonea kwa moyo wote. Kola ile aliifumua mara mbili. Bi Chaki alipokuja kulijaribu alisimama mbele ya kioo akijigeuza huku na huku, kisha akasema, "Hili wanizikie nalo," na mama mkwe akamwambia asilete mikosi.

Jumatatu jioni gari lilikuja likamchukua. Mama mkwe alimpungia mkono, akaingia chumbani kwa mkunga wake. Saa moja na nusu binti alibonyeza, moja, mbili, tatu, nne. Fundi alikaa kwenye cherehani, mgongo kwenye kioo kama kawaida yake. Nyuma yake mtangazaji alikuwa akimkaribisha mama mmoja, halafu sauti ya mwanamume ikaanza kueleza kwamba mama yake huyu, mkali kuliko jeshi, usiku anajikojolea, na kwamba asubuhi yeye ndiye anayeanika godoro nyuma ya nyumba huku mama mtu akisimama dirishani na fimbo akimwelekeza.

"Ananiambia, lipindue vizuri, wewe mvivu!" sauti ilisema, na ukumbi ukalipuka.

Fundi alicheka. Acha tuseme ukweli, alicheka sana. Lile la fimbo lilimjia ghafla bila kujiandaa, mguu ukaacha pedali, akageuka na kicheko chake mdomoni ili amwone huyo mama. Akaiona kola. Ilikuwa imesimama barabara, kazi ya mikono yake mwenyewe, na juu ya kola ulikuwa uso wa Bi Chaki.

Bi Chaki hakulia. Hilo ndilo lililowaudhi, ilionekana, kwa sababu mtangazaji alimwekea mkono begani mara tatu akimsubiri alie. Alikaa wima akimtazama mwanawe, na midomo yake ilikuwa ikitembea kidogo, kama mwalimu anayehesabu wanafunzi. Watu wakapiga miguu wakaimba. Wakaleta mpira wa kutandika kitandani uliofungwa utepe, wakamkabidhi kwa makofi.

"Si bibi huyo?" binti aliuliza.

"Zima," Fundi alisema.

"Bado dakika ishirini," mume alisema. Alikuwa ameacha kucheka, lakini rimoti aliikalia. "Tukizima katikati watajua. Hata mimi imeniuma, ni mama yangu mdogo yule. Lakini kuzima kutamsaidia nini saa hizi?"

Dakika ishirini zilikwisha, kila moja kwa zamu yake. Taa nne za kijani hazikuzimika.

*

Kesho yake watoto wa mtaani walikuwa tayari wana wimbo. Mtu alitundika kipande cha godoro kwenye lango la Bi Chaki. Mwanawe alikuwa amelala kwa rafiki na jokofu lake, maana hata yeye alikosa uso wa kurudia nyumbani. Bi Chaki alijifungia, na kila aliyegonga alijibiwa kwa swali moja kutoka ndani, "Uliangalia?" Wenye kusema kweli walirudishwa, na wenye kusema uongo pia, kwa sababu mwalimu wa miaka thelathini na sita anajua sauti ya uongo.

Mlango ulifunguliwa kwa mtu mmoja tu.

"Amenifungulia mimi," mama mkwe alisema aliporudi, akakaa chini karibu na cherehani. Macho yalikuwa mekundu. "Nimemwapia, mwanangu. Nimemwekea mkono kichwani nikamwambia, mdogo wangu, nyumba yangu haikuangalia uchafu ule. Mimi nilikuwa na mkunga wangu, na wale watoto ni watu wenye haya. Ndipo akala. Tangu jana hajala."

Fundi aliinama kutafuta pini ambayo haikuanguka.

"Si kweli hamkuangalia?" mama mkwe aliuliza, lakini aliuliza kama mtu anayeuliza iwapo mlango umefungwa huku anajua ameufunga mwenyewe.

"Nilikuwa nashona, mama," Fundi alisema.

Basi ikawa kila asubuhi mama mkwe anavuka barabara na bakuli lililofunikwa, anarudi nalo tupu. Bi Chaki hakula mkono wa mtu mwingine. Fundi ndiye aliyekuwa akipika, na kila alipopika alijiona mwizi anayepeleka rambirambi kwa aliyemwibia. Mumewe alimwambia anyamaze, mambo ya mtaa yana miguu, yatajiondokea.

*

Bwana Ratiba alikuja Ijumaa, saa nne asubuhi, bila taarifa. Safari hii hakutandika leso. Alikuwa na furaha ya kutosha kukalia kiti chochote.

Mama mkwe alikuwa sebuleni akichambua mchele. Bwana Ratiba alipomwona alifungua mikono yote miwili.

"Huyu ndiye namba tatu? Bibi, shikamoo. Nimetamani sana kukuona."

"Marahaba, mwanangu," mama mkwe alisema, na kumgeuzia sikio lake zima. "Namba tatu ya nini?"

Fundi alisimama. "Mama hasikii vizuri. Twende nje tukaongee."

"Hapana, hapana, ngoja, yeye ndiye ninayemhitaji." Alikwisha kutoa kidaftari. Aliinua sauti, kila neno likasikika mpaka barabarani. "Bibi, wanawake wa umri wako wenye visanduku ni wachache sana. Wewe peke yako unahesabiwa kwa niaba ya wenzako elfu thelathini. Sasa, wiki zile za kwanza, sisi tulidhani kipindi ni cha vijana. Tukatazama hesabu, tukaona namba yako haihami. Bosi akasema, kumbe wazee wanapenda, basi waletewe mzee mwenzao. Ndiyo maana tukamtafuta yule mwalimu."

Mama mkwe aliacha kuchambua.

"Na usiku ule wa mwalimu," Bwana Ratiba aliendelea, anasoma, "kwingine kote wazee walihama. Nadhani waliona haya. Wewe hukubanduka hata dakika moja. Nataka kukuuliza, ulipenda nini hasa? Ni ule mpira wa kitandani? Maana tunataka kuendelea na wazee mpaka mwisho wa msimu, na nisingependa tukosee."

Mume alikuwa mlangoni, ndoo ya rangi mkononi, amekuja kuuliza habari za studio. Mama mkwe aliwatazama mmoja mmoja, mwanawe, kisha runinga, kisha kisanduku. Mwisho akamtazama Fundi, na Fundi ndiye aliyeshindwa kuyahimili macho yale.

"Mimi nilikuwa naangalia mkunga," mama mkwe alisema taratibu.

"Ah, yule wa wenzetu." Bwana Ratiba alifunga kidaftari. "Wanamwondoa mwisho wa mwezi. Watazamaji wao walikuwa akina mama wazee, na kwenye hesabu wazee wamehamia kwetu. Pole. Ndivyo biashara ilivyo."

Alisimama, akampiga mume bega, akasema neno la studio, kwamba likiiva atamwita. Mume alijibu "asante, mkuu," mbele ya mama yake mzazi. Hata mbuzi angeona haya.

Gari lilipoondoka mama mkwe alisema, "Runinga irudi ilikotoka."

"Mama, hairudi." Mume aliweka ndoo chini. "Kwanza imekwisha kutumika. Pili, kazi ya studio ni miezi sita, miezi sita mizima. Wewe unajua nimepitia milango mingapi? Ile ni namba tu, mama. Si wewe."

"Nimemwapia mdogo wangu, na ile namba imenifanya mwongo."

"Hukujua. Asiyejua hana dhambi."

"Sasa najua," mama mkwe alisema. Alirudi kwenye mchele wake. Mawe na mchele vikaenda upande mmoja.

Kuanzia siku ile hakupeleka bakuli. Hakuweza kuvuka barabara. Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita, na upande wa pili pazia la Bi Chaki lilifunguka asubuhi kidogo, likafungwa. Fundi alipika chakula akakiacha mezani kikapoa. Alijua kwamba mtu mmoja ng'ambo ya barabara hali, na kwamba sababu ni yeye na kimya chake.

*

Jumatatu, jua lilipokuwa linazama, mama mkwe alifunga kitambaa chake kichwani.

"Nakwenda kumwambia," alisema. "Akinifukuza anifukuze."

"Twende wote, mama."

Walivuka. Kwenye lango la Bi Chaki kile kipande cha godoro kilikuwa bado kinaning'inia. Fundi alikikwanyua akakitupa mtaroni, mikono ikabaki inanuka vumbi la sponji.

"Nani?" sauti ilitoka ndani, nyembamba kuliko ya wiki iliyopita.

"Dada yako."

"Siku tatu."

"Siku tatu, ndiyo. Nilikuwa natafuta miguu ya kuja nayo." Mama mkwe aliweka kiganja kwenye mlango. "Mdogo wangu, nilikuapia uongo. Nyumba yangu iliangalia. Imeandikwa kwamba hata mimi nilikuwepo, tena mpaka mwisho."

Ndani, hatua zilisogea mpaka mlangoni.

"Uliangalia?"

"Sikuangalia. Nimehesabiwa tu. Kuna kidude pale nyumbani, wananibonyezea. Kumbe kwa kidude hicho ndiyo wakakutafuta wewe. Mimi mwenyewe sijaelewa vizuri."

"Sasa waliokuwa wakiangalia ni nani?"

Mama mkwe alisogea pembeni, akamwachia Fundi mlango.

"Mimi, mwalimu," Fundi alisema. "Mimi na mume wangu na mtoto."

Bi Chaki alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Pumzi zake zilisikika. "Ulicheka?"

Kisanduku hakiandiki kicheko. Hakuna aliyekuwa akijua, labda mumewe na binti, na hao wasingesema. Fundi angeweza kuitikia hapana, na labda mlango ungefunguka kwa wote wawili. Alijikuta anajinukia mwenyewe, vumbi la sponji na uongo wa wiki nzima, akaona hawezi kuuongeza hata mmoja.

"Nilicheka," alisema. "Nilikuwa nimeipa runinga mgongo, sikujua ni wewe. Nikageuka nikaiona kola."

"Angekuwa si mimi, ungeendelea kucheka?"

Fundi alifumbua mdomo. "Ningeendelea," alisema.

Komeo lilivutwa. Mlango ulifunguka upana wa mtu mmoja, na Bi Chaki akaonekana, amekonda, amevaa kanga ya ndani tu, pengo halikufunikwa. Alimtazama Fundi kuanzia kichwani mpaka miguuni, bila hasira, kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyetoa jibu sahihi la swali baya.

"Dada, ingia," alisema. "Huyu abaki nje."

Mama mkwe aliingia. Hakumwombea Fundi, wala hakugeuka nyuma. Komeo likarudi mahali pake.

Fundi alikaa kizingitini. Ilikuwa saa moja na nusu, na mlio wa kufungulia kipindi ulianza nyumba ya jirani, ukaitikiwa ya pili, ukaitikiwa ng'ambo, mpaka mtaa mzima ukawa unapiga miguu sakafuni. Sauti kubwa kuliko zote ilitoka nyumbani kwao, kwa sababu runinga yao ilikuwa kubwa kuliko zote. Pazia la sebuleni lilikuwa wazi, na kutoka pale alipokaa aliweza kumwona mumewe anasimama, anachukua rimoti, anabonyeza, anaangalia kisanduku, anabonyeza tena, mara nne.